Sare za kazi: nani achague, nani alipe na nani ashone?

Na Mwandishi Wetu, Mbarara

Asubuhi, kabla mabasi ya Kampala hayajaanza kupishana kwa wingi, wafanyakazi wa Biharwe huonekana kandokando ya barabara kuu wakielekea kazini. Mhudumu wa kituo cha mafuta ana fulana yenye rangi za kampuni yake. Mlinzi anayetoka zamu ya usiku bado ana sweta juu ya shati la khaki. Mhudumu wa hoteli ana shati jeupe na sketi nyeusi. Anayekwenda kupokea maziwa amelikunja koti lake jeupe na kulitia kwenye mfuko, alivae atakapofika.

Kila nguo kati ya hizo ina mtu aliyeichagua. Aliamua rangi, kitambaa, mshono na idadi ya jozi atakazopewa kila mfanyakazi. Katika kampuni nyingi uamuzi huo hufanywa ofisini na watu wawili, meneja na muuzaji aliyeleta sampuli, nao humalizika kwa mchana mmoja. Atakayeivaa hukaa nayo mwaka mzima au miwili, kutwa nzima, juani na mvuani, na ndiye anayeifua usiku ili ikauke kabla ya alfajiri.

Kwa kampuni, sare ni tangazo linalotembea. Kwa mfanyakazi ni kitu cha mwili wake na mara nyingine ni cha mfuko wake pia, pale gharama inapokatwa kwenye mshahara. Kuna pia mtu wa tatu ambaye hukumbukwa kwa nadra: fundi cherehani. Kutoka Biharwe hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ni safari isiyomaliza asubuhi. Huko kuna mafundi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia ambao kwao oda moja ya sare ni kazi ya wiki nzima.

Nguo na hadhi

Afrika Mashariki ina kumbukumbu ndefu ya nguo za kazi, na si zote ni nzuri. Zanzibar ya karne ya 19, kaniki, kile kitambaa cha bluu iliyoiva hadi kukaribia weusi, ilikuwa vazi la watumwa wengi wa kike na watu wa kazi ngumu. Baada ya utumwa kufutwa kisheria visiwani humo mwaka 1897, wanawake wengi waliiacha kaniki na kujifunga kanga zenye rangi na nakshi. Hawakuhitaji tangazo la serikali ili kueleza kwamba hadhi yao imebadilika.

Utawala wa kikoloni nao ulileta sare zake. Askari wa King's African Rifles walivaa khaki. Watumishi wa nyumbani na wahudumu wa hoteli walivalishwa kanzu nyeupe na mshipi wa rangi kiunoni. Kanzu ambayo mtu aliivaa kwa heshima msikitini au harusini, kazini ilimtambulisha kuwa boi.

Baada ya uhuru likaja vazi lililochukua jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Kaunda suti ilivaliwa na mawaziri, kisha ikawafikia madereva, matarishi na maofisa wa usalama, hadi katika ofisi nyingi ikawa sare. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku ndani ya Bunge, ingawa Rais wa nchi hiyo, William Ruto, alikuwa akionekana nayo mara kwa mara.

Hapa Uganda, mwaka 2017 Wizara ya Utumishi wa Umma ilitoa waraka wa mavazi kwa watumishi wa serikali. Sketi fupi, nguo za kubana na rangi kali za kucha zilikatazwa. Mjadala ulipamba moto, hasa kwa sababu maagizo mengi yaliwalenga wanawake.

Mambo haya yote yana fundisho moja kwa anayeagiza sare leo. Mfanyakazi anapopewa nguo huangalia kama inamtosha, lakini pia huangalia inamwambia yeye ni nani pale kazini. Nguo inayomdhalilisha, inayobana au inayompauka baada ya miezi miwili haivaliwi kwa moyo hata kama kanuni za kampuni zinailazimisha.

Kazi ndiyo ichague kitambaa

Makosa mengi ya sare huanza pale rangi ya nembo inapotangulizwa. Mpangilio ulio salama ni kuanza na kazi yenyewe, kisha kitambaa, kisha mshono, na rangi iwe ya mwisho.

Mbarara ni mji wa maziwa. Katika kituo cha kupoozea au kiwandani, koti huwa jeupe kwa sababu uchafu huonekana upesi. Lakini weupe peke yake hautoshi. Koti la mahali pa chakula halitakiwi kuwa na mifuko ya nje juu ya kiuno, maana kalamu au simu inaweza kutumbukia. Vifungo vya kawaida hukatika, kwa hiyo vya kubana ni bora. Mfanyakazi huhitaji pia kofia ya kufunika nywele zote na gambuti zinazosafishika. Koti hilo lisivaliwe barabarani wala kwenye bodaboda, kwa sababu linalokusanya vumbi njiani huliingiza kwenye maziwa. Kampuni inayotaka usafi hutenga mahali pa kubadilishia nguo na huyafua makoti yenyewe.

Kwa mchomeleaji vyuma na mpishi, hatari ni moto. Poliesta ikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Pamba huungua, lakini haiyeyuki. Ovaroli ya mtu wa cheche iwe ya pamba nzito, bila mikunjo chini ya mguu inayoweza kupokea cheche. Kwenye kituo cha mafuta, vitambaa vya nailoni na poliesta tupu hutunza umeme tuli, nao hautakiwi karibu na mvuke wa petroli.

Mlinzi wa usiku ana hoja nyingine. Mbarara iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na saa tisa za usiku baridi yake haina mzaha. Kumpa mlinzi mashati mawili bila sweta wala koti la mvua ni kumwachia ajinunulie. Rangi yake pia ina mipaka. Sare ya kampuni binafsi ya ulinzi haipaswi kufanana na ya polisi au ya jeshi, na tangu Septemba 2019, serikali ilipochapisha orodha ya mavazi ya kijeshi katika gazeti lake rasmi, bereti nyekundu imo miongoni mwa vitu ambavyo raia haruhusiwi kuvaa.

Kwa anayefanya kazi barabarani, kwenye mashamba ya ndizi ya Isingiro au juu ya pikipiki, adui ni udongo mwekundu. Shati jeupe hapo ni adhabu. Khaki, kijivu au bluu iliyoiva hustahimili zaidi, na mistari ya kuakisi mwanga humwokoa mtu wakati wa machweo.

Kwa kazi ya ofisini na ya hotelini, mchanganyiko wa pamba na poliesta hufaa. Haukunjamani sana, hukauka upesi, na hudumu kuliko pamba tupu. Ila mtu ashike kitambaa mkononi na kukiangalia dhidi ya mwanga. Kikionyesha vidole upande wa pili, shati hilo litahitaji fulana ndani, na mfanyakazi wa kike ndiye atakayeaibika kwanza.

Vipimo vya watu wenyewe

Njia rahisi ya kuharibu bajeti ya sare ni kuagiza "ndogo, kati na kubwa" bila kumpima mtu. Zinazobaki hukaa stoo, na zisizotosha hupelekwa kwa fundi wa mtaani kwa gharama ya mfanyakazi.

Wanawake ndio huumia zaidi. Mara nyingi hupewa shati lililokatwa kwa kifua cha mwanamume, au ovaroli ya kipande kimoja ambayo chooni ni lazima ivuliwe yote. Ovaroli ya vipande viwili humaliza tatizo hilo. Mjamzito ahesabiwe tangu mwanzo, awekewe gauni au suruali ya kiuno cha lastiki. Mwanamke Mwislamu apewe hijabu ya rangi ileile ya sare, ili asilazimike kuchagua kati ya dini yake na kanuni za kampuni. Penye mashine zinazozunguka, hijabu iwe fupi na ya kubana shingoni, isiyoning'inia.

Idadi nayo ni suala la haki. Jozi moja maana yake ni kufua kila usiku, na msimu wa mvua nguo haikauki. Jozi mbili ndio mwanzo. Jozi tatu huruhusu moja kuvaliwa, nyingine kufuliwa na ya tatu kupumzika, na zote hudumu zaidi. Nembo iliyotariziwa hukaa kuliko iliyochapwa, ambayo hupasuka kwa sabuni ya mche na jua.

Mfuko wa nani?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kinga. Kenya ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2007, na Tanzania ya mwaka 2003. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, unasema kwenye kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Ovaroli ya mchomeleaji, gambuti za mpokea maziwa na koti la kuakisi mwanga ni vifaa vya kinga, na hazina nafasi kwenye makato ya mshahara.

Utata huja kwenye shati lenye nembo. Waajiri wengine huliona kama nguo ya kawaida ambayo mtu angejinunulia. Lakini mfanyakazi hawezi kulivaa harusini wala kanisani, na siku ya kuacha kazi hudaiwa alirudishe. Nguo inayorudishwa ni mali ya kampuni, na haieleweki kwa nini aliyeazimwa ndiye ailipie. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 imeweka mipaka ya makato ya mshahara, na yeyote anayekatwa ana haki ya kuuliza ni kwa msingi gani.

Swali hili lina uzito kwa sababu ya mishahara yenyewe. Kima cha chini cha mshahara kilichomo katika sheria za Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa mwaka 1984. Bunge lilipitisha muswada wa kima kipya Februari 2019, lakini Rais Yoweri Museveni hakuuridhia. Pasipo kiwango cha maana cha kisheria, makato ya sare yanaweza kula chakula cha wiki.

Cherehani za Nakivale

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958, na ni miongoni mwa makazi ya zamani kabisa ya wakimbizi barani Afrika. Wakazi wake wa kwanza walikuwa Wanyarwanda. Leo kanda zake tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, zina watu wa mataifa mengi, na Wakongo ndio kundi kubwa kuliko yote. Kiswahili ndicho hununua na kuuza sokoni. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na Somalia ikafuata mwaka 2024, kwa hiyo makundi makubwa ya Nakivale sasa ni raia wa nchi za Jumuiya.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Tangu mwaka 2019 wanaweza kusajili laini za simu kwa vitambulisho vyao vya ukimbizi, jambo linalowawezesha kulipwa kwa simu. Cherehani imekuwa chombo cha kawaida cha kuanzia maisha. Anayefika na ujuzi wake kutoka Bukavu au Bujumbura hahitaji shamba wala cheti kipya. Anahitaji mashine, meza, pasi ya mkaa na wateja.

Wateja ndio tatizo. Fundi wa makazini hushona kitenge cha sikukuu, sare za shule mwanzo wa muhula na viraka siku nyingine zote. Tangu Julai 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipowagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa sababu ya uhaba wa fedha, wale waliohesabiwa kuwa wanajitegemea waliondolewa kwenye msaada wa chakula. Familia yenye cherehani inaweza kuonekana inajitegemea. Bila oda, cherehani ni samani tu.

Wakati huohuo kampuni za Mbarara huagiza sare Kampala, au hununua zilizotoka Asia na kutia nembo tu. Meneja ana sababu zake. Anaogopa mishono isiyofanana, kuchelewa, na kutokuwa na risiti ya kuonyesha mhasibu. Hofu hizo ni za kweli, lakini zina dawa.

Hesabu ya oda moja

Tuchukue mfano wa kampuni yenye wafanyakazi 40, kila mmoja apate jozi mbili za shati na suruali. Hayo ni mashati 80 na suruali 80. Kwa kitambaa cha upana wa inchi 60, shati la mtu mzima huchukua karibu mita 2 na suruali karibu mita 1.5. Jumla ni mita 280, yaani marobota machache tu ya kununua Kampala.

Tuseme mafundi 10 wameungana na kila mmoja anamaliza nguo nne kwa siku. Kwa siku moja ni nguo 40, na nguo zote 160 zitashonwa kwa siku nne. Ukiongeza siku ya kukata, siku ya vifungo na nembo, na siku ya kupiga pasi na kukagua, kazi yote ni wiki moja.

Ili iende sawa, kampuni inunue kitambaa chenyewe, chote cha robota la aina moja, ili rangi zisitofautiane. Kitambaa cha pamba kiloweshwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, la sivyo suruali itapanda juu ya kifundo baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Mkataji awe mmoja na ruwaza iwe moja. Kwanza zishonwe sampuli mbili, zivaliwe kazini wiki moja na kufuliwa mara tatu. Zikaguliwe mahali panapochanika kwanza: kwapani, kwenye mtoko wa suruali na kwenye kona za mifuko. Hapo panahitaji mshono wa mara mbili. Sampuli iliyokubaliwa itundikwe ukutani, na kila nguo ilinganishwe nayo.

Mafundi nao waje kama kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti na msemaji mmoja, na chenye kutoa risiti. Malipo ya awali yalipwe, kwa sababu fundi wa makazini hana akiba ya kununulia uzi na zipu za oda nzima.

Kanda inajifunza

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vifufuke. Marekani ilitishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya soko la AGOA. Nyingine zikalegeza, Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye mpango huo. Museveni naye alitangaza mwaka 2023 kwamba hataki tena mitumba Uganda, lakini masoko bado yamejaa.

Sare za kazi ni njia nyepesi ya kufikia lengo lilelile bila kugombana na mnunuzi wa kawaida. Hakuna kampuni inayowavalisha watu wake mitumba yenye nembo za wengine. Mahitaji yanajulikana mapema na hurudi kila mwaka. Tangu Julai 2022 nchi za Jumuiya zimekubaliana ushuru wa asilimia 35 kwa bidhaa za nje za kundi linalojumuisha nguo, na biashara ndogo isiyozidi dola 2,000 za Marekani inaweza kuvuka mipaka ya ndani kwa cheti rahisi cha uasili. Aproni zilizoshonwa Isingiro zinaweza kuvuka Kikagati kwenda Karagwe, Tanzania, kwa utaratibu huo.

Kenya imetoa somo la upande mwingine. Septemba 2018 polisi wake walipewa sare mpya ya bluu, iliyoshonwa nchini na Huduma ya Vijana kwa Taifa. Ilikuwa kazi ya nyumbani, jambo la kusifiwa. Lakini askari wengi hawakuipenda, na kikosi kazi cha Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, kilichomaliza kazi mwaka 2023, kilipendekeza ibadilishwe. Kushona nyumbani hakutoshi kama anayevaa hakuulizwa.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga, lakini atunzwe kwa kazi iliyo safi. Kampuni inayopanga sare za mwaka ujao ianze miezi mitatu kabla. Mwezi wa kwanza ni wa kukaa na wafanyakazi wa kila idara, wanawake kwa wanaume, na kuwapima. Wa pili ni wa sampuli. Wa tatu ni wa kushona, na wiki ya mwisho ibaki kwa marekebisho, maana hata fundi hodari hukosea bega.